Sera Zimfikie Kila Mpigakura

Wakenya watarudi vituoni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo mabango yatajaa ukutani, na magari ya vipaza sauti yatazunguka masokoni tangu asubuhi. Enyi mnaotaka uongozi, sikieni neno hili kabla hamjachapisha karatasi ya kwanza: wako wananchi wenye kura kamili ambao maneno yenu hayawafikii, na kosa si lao.

Katiba ya 2010 imekwisha kusema. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kifungu cha 120 kimeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Basi yawaje mtu aombe kiti katika Bunge hilo kwa mikutano ambayo kiziwi huambulia kuona midomo ikichezacheza tu?

Najua nitajibiwa kwamba asiyeona huruhusiwa kuingia kituoni na msaidizi anayemwamini. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kazi ya msaidizi ni kutia alama; kuamua ni kwa mwenye kura, tena mbele yake pana karatasi sita, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi. Ikiwa sera hakupata kuzisoma mwenyewe, ataamua kwa aliyosimuliwa, na msimulizi naye ana mgombea wake. Hapo amenyang'anywa uhuru wa kuchagua siku nyingi kabla ya kufika kituoni.

Tazameni manifesto inavyosambazwa. Kitabu hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kikatumwa kwenye simu za watu. Asiyeona anayo simu inayomsomea maandishi kwa sauti, lakini mbele ya picha hiyo mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa haikukuta herufi za kusoma. Faili hilohilo lingetumwa likiwa maandishi ya kawaida, angelisikiliza lote akiwa ndani ya matatu. Hilo halihitaji hata shilingi. Linahitaji kijana wa ofisini aliyekumbushwa.

Mengine yana gharama, sikatai. Mkalimani wa ishara hulipwa, na Breli huchapishwa kwa mashine yake. Ila chama kinachokodi helikopta na kugawa fulana kwa maelfu hakiwezi kusimama mbele ya watu kikalia ufukara. Na mkalimani mkishamleta, asimamishwe jukwaani penye mwanga, mikono yake ionekane, asifichwe nyuma ya walinzi. Video ziandikwe maneno chini. Sera ziwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi, herufi kubwa, sentensi fupi. Utawafaa wenye ulemavu wa akili, utawafaa wazee wenye uoni hafifu, na mama muuza mboga ambaye hana saa ya kupekua kurasa mia.

Nanyi wapigakura wenzangu mnaoona na kusikia, msiliache jambo hili kwa wenye ulemavu peke yao. Mgombea akija kijijini kwenu kuomba kura, mwulizeni mbele ya watu: sera zako za sauti ziko wapi, na mkalimani wako ni nani? Asipokuwa na jibu, mwambieni aende akajitayarishe, kisha arudi.