Chumba cha Biashara ni cha Nani?



Wengi wetu wakisikia neno Chumba cha Biashara wanafikiri ni nyumba ya mapatroni wakubwa, wanaokutana kunywa kahawa na kupeana mikono na gavana. Tusiwalaumu. Wakati wa Wabelgi vyumba vya namna ile vilikuwa vya Wazungu wenye makampuni. Mtu mweusi alikuwa na kiduka chake katika cité, na hakuna aliyemwuliza neno juu ya njia wala juu ya bei ya kahawa.

Mwaka 1972 vyama vya mapatroni viliunganishwa kuwa kimoja, ANEZA. Mwaka 1997 jina likageuka kuwa FEC. Hiyo FEC ni chumba cha biashara na chama cha mapatroni pamoja, katika kikapu kimoja. Lakini habari za Kinshasa tuziache. Tutazame Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, maana kule neno hili lilionekana wazi.

Butembo ni mji wa biashara toka kichwa hata miguu. Kahawa, maharagwe, mboga na mbao vinatoka. Nguo, pikipiki na mabati vinaingia kwa njia ya Kasindi, toka Mombasa, vikipita Uganda. Wenye maduka wake wanakwenda wenyewe mpaka Dubai na China. Sasa, serikali ya Mobutu ilipochoka, njia ziliachwa zikawa mashimo. Kamiyo moja ikikwama katika udongo, ishirini zinalala nyuma yake. Mboga zinaoza. Maharagwe yanaanguka bei kwa mkulima wa Lubero, na siku ile ile yanapanda kwa mama anayenunua Kisangani. Njia mbaya inakula sahani mbili mara moja.

Wafanya biashara wa Butembo hawakungoja barua toka Kinshasa. Walikusanya feza, wakaweka ushuru wa njia, wakatengeneza barabara, wao pamoja na Kanisa na wenyeji. Walisaidia uwanja wa ndege wa mji. Walianzisha SENOKI, kampuni ya kutafuta umeme, juu ya mji mkubwa namna ile ulikuwa unawaka kwa mashine za mazutu. Na katika vita vya 1998 hata 2003, wakubwa wa biashara walikaa mezani na wenye bunduki, wakapatana kiasi cha duane, na sehemu ya feza ikarudi katika kazi za mji. Miji mingine ya mashariki iliporwa tu.

Twawasifu kwa kazi ile. Lakini tuseme na neno la pili, hata likiwa chungu. Meza ile ilikuwa na viti vichache. Aliyekaa pale alijua atalipa kiasi gani. Mama mwenye kikapu cha nyanya hakujua. Alilipa kila bariyeri alivyoambiwa. Je, yeye si mfanya biashara? Kwa wingi wao, hao mama ndio soko lenyewe.

Neno hili si la zamani tu. Mwaka 2021 Congo na Uganda zilianza kazi ya kutia lami njia ya Kasindi mpaka Beni, kilometre 80, na Beni mpaka Butembo, kilometre 54. Mwaka 2022 Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wauaji wanaozunguka Beni toka 2014 wamechelewesha mengi. Basi lami ikifika, itabeba nini? Unga, sabuni na mafuta ya wengine vitaingia upesi zaidi. Kamiyo zitarudi na nini?

Kahawa yetu nyingi inavuka mpaka kwa siri, inauzwa Uganda kama kahawa ya kule. Mkulima si mwizi. Anakimbia kodi kumi za biro kumi, kila moja na muhuri wake. Hapa ndipo Chumba cha Biashara kinapaswa kugombana: kuhesabu kodi hizo moja moja, kuziweka mbele ya gavana, kudai zile zisizo na sheria zifutwe. Kama viongozi wake ni waingizaji wa mali tupu, neno la kahawa litawekwa mwisho wa kikao, wakati watu wanatafuta kofia zao.

Kwa hiyo twadai mambo haya. Vyama vya wakulima wa kahawa na mama wa soko wapewe viti vyenye kura, si viti vya kusikiliza. Mikutano isemwe kwa Kiswahili na Kinande, si Kifaransa peke yake. Na kila mwezi hesabu ya ushuru wa njia ibandikwe kwa ukuta wa soko: feza ngapi ziliingia, ni mashimo gani yalizibwa, na nani alitia sahihi.