Baiskeli ya Mlima, Mlima Uko Wapi?

Kuna imani imeingia mjini na inafaa ikatwe ingali changa: ati baiskeli ya ukweli ni enduro, ile yenye springi mbele na nyuma, na zile zingine zote ni za watu wa kupeleka maziwa. Kikundi kimoja nilichotaka kuendesha nacho kiliniambia kwa upole kwamba baiskeli yangu ya mtumba "haijafika level." Level gani? Tulikuwa tunaenda Karura, wasee. Karura, ambako hata watoto wa chekechea wanaendesha.

Wacha niwe mkweli kwanza. Enduro ni mashine kali. Ni mchezo wa kushuka: unapanda mwenyewe polepole, kisha unateremka ukipimwa kwa sekunde. Enduro World Series ilianza 2013, na baiskeli zikaendelea kutengenezwa kufuata kazi hiyo. Springi zinabonyea milimita 150 hadi 180. Gurudumu la mbele limesukumwa mbele zaidi, kwa hivyo mteremko mkali haukurushi juu ya usukani kirahisi. Unabonyeza kitufe, kiti kinashuka, unapata nafasi ya kuchuchumaa. Na springi hizo si godoro la makalio: kazi yake kubwa ni kushikilia tairi chini ukipita mawe kwa kasi, manake tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona.

Sasa ilete Jogoo Road. Ni kilo 14 hadi 17 za kusukuma, na kila ukisimama kwa pedali nguvu zako zinaishia kwa springi. Halafu kuna matunzo. RockShox wenyewe wanashauri sehemu ya chini ya springi za mbele isafishwe na kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50. Ukiendesha saa moja kwenda job na moja kurudi, siku tano kwa wiki, umefika hapo kwa wiki tano. Fundi wa mtaa anajua kunyoosha rimu na kuchomelea fremu vizuri sana, lakini vipuri vya mashine hii havipati kwa duka la kona. Na springi ikikufa, umebaki na uzito wa bure.

Najua jibu lenu: "Lakini barabara zetu ni mbovu." Ni mbovu kweli. Ila shimo, ukiwa unaenda polepole, unalimaliza kwa tairi pana, upepo kidogo na magoti yaliyolegea. Black Mamba imebeba maji, mikate na abiria kwenye njia mbovu kuliko zote, na haina springi yoyote zaidi ya zile za kiti.

Kinachotutisha hapa si mashimo. Ni matatu inayokubana ukutani. Milimita 170 za springi hazizuii lori. Nairobi Expressway ilifunguliwa 2022, kilomita 27, na baiskeli haikubaliwi juu yake. Tumeachwa chini tugawane nafasi na mabasi, halafu tunauziana silaha ghali badala ya kudai njia yetu. Mwenye doo akishajiona salama kwa mashine yake, nani atabaki kupiga kelele pamoja na jamaa wa Mamba?

Kama unashuka mawe ya Ngong Hills kila wikendi na una pesa ya kuitunza, nunua enduro, na uifurahie bila aibu. Lakini kama unaishi Umoja na unafanya kazi Industrial Area, chukua yenye springi mbele pekee, au isiyo nazo kabisa. Ongeza helmeti, taa mbili na kufuli nzito. Na ukikutana na mtu wa Mamba kwa mlima, usimwambie habari za level. Huenda anapanda na magunia mawili, na bado atakupita.