Vipodozi vya Sumu: Muuzaji wa Simuni Abanwe

MWANANCHI wa Busunzu, wilayani Kibondo, hahitaji tena kufika Kariakoo ili apate mkorogo wa kung'arisha ngozi. Huona picha katika simu, hutuma fedha kwa simu hiyo hiyo, na baada ya siku chache kifurushi hushushwa na basi. Kopo lililomo ndani mara nyingi halina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyochanganywa. Aliyelipwa ni namba tu, na namba hiyo kesho yaweza kuwa imezimwa.

Hatuna ugomvi na biashara ya simuni. Mwalimu wa nyanda za juu za Kigoma anayeagiza kitabu kwa njia hiyo amejiokolea nauli na siku nzima ya safari. Ugomvi wetu ni na sumu.

Zebaki ikitiwa katika krimu au sabuni huizuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Ndiyo maana mtumiaji huona weupe upesi na kuamini kwamba dawa ni nzuri. Wakati huo huo zebaki hupenya mwilini, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Mabaki yake katika taulo na shuka huwafikia hata wale wasiojipaka. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuleta madoa meusi yasiyotoka, yaani kinyume kabisa cha kile kilichonunuliwa. Tena rangi ya ngozi ndiyo kinga ya jua. Mama anayepalilia maharage tangu asubuhi hadi adhuhuri ndiye anayeihitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Wasomaji wetu wa siku nyingi wataikumbuka Operesheni Vijana iliyotangazwa mwaka 1968, ambayo ilipiga vita sketi fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Nia ilikuwa kulinda utamaduni, lakini wako wasichana waliozomewa na kushambuliwa njiani, na muuzaji wa dawa akaendelea kuuza. Kosa hilo lisirudiwe. Aliyejichubua ni mgonjwa mtarajiwa. Mwenye hatia ni yule aliyemwuzia.

Sheria za kumbana zipo. Kazi ya kusimamia usalama wa vipodozi, iliyoanza chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, imo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa mnunuzi na kueleza bidhaa yake. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakidhurika. Baadaye ikathibitika kuwa ni zebaki ya kiwandani iliyoingia katika samaki. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo mwaka 2025.

Basi kasoro iko wapi? Iko katika ukaguzi, ambao bado unasubiri mlangoni mwa duka na kwenye kizuizi cha mpakani. Muuzaji wa simuni hana mlango. Hata hivyo kuna mahali pawili ambapo hawezi kujificha: pale anapopokea fedha, na pale anapokabidhi kifurushi. Namba ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu. Msafirishaji wa vifurushi, hata akiwa mwenye basi, anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Tunashauri kwamba kila tangazo la kipodozi simuni lioneshe namba ya usajili wa bidhaa hiyo TBS, na lisilo nayo liondolewe bila kungoja mtu adhurike. Tunashauri pia wasafirishaji waandike jina halisi la mtumaji na kilichomo ndani, na anayeandika "nguo" juu ya makopo ya krimu awajibike. Wengine watasema huku ni kuwasumbua wafanyabiashara wadogo. Mfanyabiashara mdogo anayeuza mafuta ya nazi yaliyosajiliwa hana cha kuogopa, na kwa hakika ndiye anayeumizwa na ushindani wa sumu.

Watumishi wa afya katika zahanati wana nafasi ya pekee. Mama akija na uso uliobabuka, asikaripiwe, maana akikaripiwa hatarudi. Aombwe alete kopo, namba aliyoitumia fedha na stakabadhi ya basi, na vitu hivyo vitatu vipelekwe kwa afisa afya wa wilaya ili vifikishwe TBS siku hiyo hiyo.