Nani Atawapima Wa Kwetu Mahakamani?

Binti wa dada yangu amemaliza digrii ya saikolojia, na sasa ataka kuendelea na uzamili katika saikolojia ya jinai, ile inayofanya kazi na mahakama, polisi na magereza. Kikao cha familia kikakaa. Mmoja akauliza kama kazi yenyewe ni kupasua maiti. Mwengine akasema hapa Mombasa hakuna wa kumwajiri. Dada yangu, ambaye ndiye mbeba karo, akanigeukia: "Wewe ndiye mwandishi, kaka. Hebu tuambie, ina faida gani?"

Nilimjibu kwa kisa cha hapa hapa Pwani.

Juni 2023, watu 65 waliookolewa katika msitu wa Shakahola walifikishwa mahakama ya Shanzu. Walikuwa wamekataa kula hata baada ya kutolewa msituni, na shtaka lao likawa kujaribu kujiua. Wenzao walikuwa bado wakifukuliwa, idadi ya miili ambayo baadaye ilipita 400, na wao walionusurika wakasimama kizimbani. Je, mtu aliyeaminishwa kwamba njaa ndiyo njia ya kumfikia Mola wake, anapokataa uji, ameamua mwenyewe au bado yumo mikononi mwa aliyemfundisha? Swali hilo haliwezi kuachiwa wakili peke yake. Hata daktari wa akili halimtoshi, kwa sababu mtu aweza kuwa hana ugonjwa wowote na bado uamuzi wake ukawa si wake.

Hapo ndipo mahali pa mwanasaikolojia wa jinai. Huketi na mtu, akafuatilia maisha yake, akampima, kisha akaieleza mahakama kwa maneno ambayo hakimu atayaelewa na wakili wa upande wa pili ataweza kuyahoji. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Ni kheri. Lakini wale 65 walikuwa wamekwisha kupita kizimbani.

Paul Mackenzie na wenzake nao, mapema 2024, waliamriwa wapimwe akili kabla ya kujibu mashtaka ya mauaji, ambayo waliyakana. Kipimo cha aina hiyo hujibu jambo moja jembamba: mshtakiwa aweza kufuata kesi yake au hawezi? Hakisemi watu wanavyovutwa hadi wakawaacha watoto wao wafe njaa, wala anayerudi nyumbani atasaidiwaje.

Tuje mitaani. Sheria ya Watoto ya 2022 yasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubeba hatia ya jinai, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hajapambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhike vyengine. Sisi Waislamu hatushangai, fiqhi yetu imetenganisha zamani mtoto, mwenye kurukwa na akili na mtu mzima mwenye akili timamu. Lakini kijana wa miaka 13 akishikwa Kisauni na panga, nani ataiambia mahakama kama alijua alitendalo, au alikuwa akiwaogopa wakubwa zake kuliko alivyoiogopa polisi?

Tena huyo mpimaji awe anatujua. Kijana akimwambia kwamba jini ndiye aliyemwamrisha, asiyeijua Pwani aweza kuandika mara moja kwamba ni mgonjwa, au akamwona mjanja anayetafuta kuponyoka. Anayetujua atauliza zaidi. Nyumbani kwao huzungumzwa hivyo? Mama yake ashawahi kupandisha? Wazee wanaoamini majini wanaona haya ya kijana ni ya kawaida, au hata wao wamestaajabu? Jibu la swali la mwisho mara nyingi ndilo linalotenganisha imani na maradhi. Na maswali hayo huulizwa kwa Kidigo, Kigiryama au Kibajuni, si kwa fomu iliyotungwa Ulaya ikatafsiriwa juujuu.

Sikumficha dada yangu ugumu wake. Kazi hii si ile ya filamu, ambapo mtu hutazama picha ya muuaji akataja jina lake. Sehemu kubwa ni mahojiano marefu, mafaili na ripoti. Uingereza, mathalan, masta peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa jinai. Baada yake kuna kama miaka miwili ya kazi chini ya msimamizi, na cheo chenyewe hulindwa na sheria. Mwenye diploma kama mimi hana njia ya mkato pia. Lazima aanze na digrii ya saikolojia. Na basari zetu, mwanafunzi akishafika uzamili, huambiwa amekwisha kusoma. Hilo ndilo ninalowalaumu viongozi wetu: kesi kama hizi zikitokea huja na kamera, lakini sijasikia mmoja akiahidi kusomesha hata wapimaji watatu wa Pwani.

Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia bintiye: "Kabla sijauza kiwanja, nenda miezi mitatu ukajitolee afisi ya probesheni. Ukirudi bado wataka, tutazungumza karo."

Ameanza Jumatatu.