Kaunti gani? Niambie mwaka kwanza

Wasee, kuna mji mdogo Uskoti unaitwa Culross. Usome "Kuros", hiyo L iko hapo kwa urembo tu. Uko ufuoni mwa Forth, na mwezi uliopita ulinikosesha pesa.

Kazi ilikaa rahisi. Mteja wa mtandaoni alitaka jedwali la miji ya Uskoti kuanzia 1832: mji, kaunti, eneo bunge. Sasa mimi ni Mkenya. Nimezoea maeneo bunge 290 yamekaa ndani ya kaunti 47, kila moja kwao. Kwa hivyo nilitafuta kaunti, nikajaza eneo bunge lenye jina hilo hilo, nikatuma. Culross: Perthshire, Perthshire. Mteja akarudisha kazi yote na kukata nusu ya malipo. Nilinuna siku mbili. Halafu nikakaa chini kukagua, na kumbe alikuwa na haki.

Sikia hii. Culross ilikuwa ya Perthshire kweli, lakini ilikuwa kipande kilichomegeka, mbali na kaunti yenyewe. Kama ulikuwa mpiga kura ndani ya mji (yaani mwanaume mwenye mali, wengine tungetazama tu), ulichagua mbunge wa Stirling Burghs. Kiti hicho kilishonwa kwa miji mitano: Stirling, Dunfermline, Inverkeithing, Queensferry na Culross. Hiyo ni miji ya kaunti nne tofauti! Jirani yako wa shambani, nje kidogo ya mji, parokia ile ile, sheria ya 1832 ilimtupa Clackmannan na Kinross. Mnasalimiana kila asubuhi, wabunge wenu tofauti, na hakuna anayepigia kura kiti cha Perthshire. Kisha 1891 Culross ikahamishiwa Fife kiutawala. Mipaka ya kura je? Hiyo ilingoja hadi 1918.

Na mimi huyo nimeandika "Perthshire, Perthshire" na kujipongeza na chai.

Ndio maana nasema jedwali la kaunti lisilo na mwaka ni la kutupa. Najua kuna mtu atauliza nani anajali kijiji cha huko. Mimi najali, kwa sababu ukichimba unaona mistari ilikuwa inamfuata nani. Angalia Cromartyshire kwenye ramani ya zamani: vipande vipande ndani ya Ross-shire, kama rangi iliyomwagika. Si mto uliofanya hivyo, wala mlima. Ni mashamba ya bwana mmoja, George Mackenzie, Viscount Tarbat, aliyepata sheria za Bunge la Uskoti mwishoni mwa karne ya 17 ili ardhi zake zihesabiwe kaunti moja. Buda alichora kaunti kwa hati ya shamba! Ilikaa hivyo mpaka 1889, ilipounganishwa na Ross.

Na hii ndiyo ilinimaliza. Baada ya muungano wa 1707 Uskoti ilipewa wabunge 45, 30 kati yao wa kaunti. Kaunti zilikuwa 33. Wakafanyaje? Sita wakazipanga mbili mbili, zipeane zamu. Bute, kisiwa cha magharibi, ikapangwa na Caithness, kule ncha ya kaskazini kabisa. Uchaguzi huu Bute wanachagua, Caithness wanakaa bila mbunge hadi ujao. Ukijaza jedwali kivivu kama mimi, unampa mtu wa Caithness mbunge ambaye hakuwahi kuwa naye. Mtu anayefuatilia babu yake alisemewa na nani Bungeni anapewa jina la uongo, na halijui ni la uongo, kwa sababu limeandikwa vizuri kwenye kisanduku. Hiyo si makosa ya tahajia, manze.

Nimeanza upya. Nimeongeza safu za "kuanzia" na "hadi", moja ya kuonyesha kama kiti ni cha mji au cha kaunti, na kaunti ya utawala nimeitenga na kaunti ya kura. Nusu ya pesa sijaidai. Culross peke yake imekula mistari minne, na Queensferry bado sijaigusa.