Dhoruba Iliyotabiriwa Si Ajali

Februari 2016, meli ya utalii Anthem of the Seas iling'oa nanga New Jersey, Marekani, ikiwa na watu zaidi ya 6,000. Siku ya pili, karibu na Cape Hatteras, ilikumbwa na upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Abiria waliamriwa wabaki vyumbani, huku viti na meza vikipinduka.

Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameonya mapema. Kampuni ya Royal Caribbean ilisema dhoruba ilizidi utabiri, ikaomba radhi na kurudisha nauli. Hiyo haitoshi.

Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unamkataza mwenye meli kumzuia nahodha kuchukua uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama wa watu. Kanuni ni nzuri, lakini nahodha ni mwajiriwa, na ratiba hupangwa ofisini miezi mingi kabla ya safari. Kumbebesha yeye lawama zote ni kuwakinga waajiri wake.

Norway ilishuhudia hatari kubwa zaidi. Machi 2019, meli ya utalii Viking Sky ilizimikiwa injini katikati ya tufani huko Hustadvika, ikisukumwa kuelekea miambani na watu 1,373 ndani. Helikopta ziliwaopoa mamia. Mafuta ya kulainisha injini yalikuwa chini ya kiwango, na wachunguzi walihitimisha kwamba meli hiyo haikupaswa hata kuondoka bandari ya Tromsø.

Uamuzi wa kuondoka bandarini uchunguzwe hadi ofisi za kampuni, na walioushinikiza wawajibishwe kisheria.