Mrija wa Hewa na Sauti ya Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa hospitali,

Hapa Uganda, katika vyumba vingi vya upasuaji, anayemlaza mgonjwa usingizi si daktari bingwa. Ni ofisa wa dawa ya usingizi, na muuguzi yuko kando yake. Mrija wa hewa ukikataa kuingia kooni, dakika chache tu zatosha kuharibu ubongo. Kwa hiyo mabishano juu ya vifaa yanatuhusu sisi.

Wako wasemao kwamba kifaa cha chuma alichokibuni Macintosh mwaka 1943 chatosha. Ni imara kweli, lakini macho yasipoiona njia, mkono hubahatisha. Wengine wataka kifaa chenye kamera. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya tafiti 222, yalionyesha kwamba kamera hupunguza kushindwa. Twakubali. Lakini kamera yataka chaji, vipuri na mazoezi. Buji, ile fimbo nyembamba ya kuongoza mrija, haitaki umeme na bei yake ni ndogo. Barakoa ya koromeo, aliyoibuni Archie Brain mwaka 1981, hupitisha hewa mrija uliposhindikana, ila haizuii vizuri matapishi yasiingie mapafuni.

Kila kifaa kina kazi yake. Lakini vifaa peke yake haviokoi mtu. Mwaka 2005 huko Uingereza, mama wa miaka 37 alilazwa usingizi kwa upasuaji wa kawaida wa pua. Hewa haikupita. Madaktari waliendelea kujaribu mrija, kifaa baada ya kifaa. Muuguzi alileta vyombo vya kutoboa koo, akasema viko tayari. Hakusikilizwa. Mama yule hakuamka tena. Mumewe, rubani Martin Bromiley, hakudai watu waadhibiwe. Alidai hospitali zijifunze.

Sisi tumejifunza, na twadai mambo matatu. Kwanza, buji iwepo katika kila chumba cha upasuaji. Pili, kabla ya kununua kifaa, atakayekitumia aulizwe, kisha apewe mazoezi. Tatu, mfanyakazi yeyote, awe muuguzi au mfagiaji, akisema "simameni, hewa haipiti", asikilizwe, wala asiandikiwe barua ya onyo.

Ndugu, yapelekeni madai haya katika mikutano ya matawi yenu. Siku moja atakayelala pale mezani ni mama yako, au ni wewe mwenyewe.

Umoja ni nguvu.